Hotuba ya Mtaalamu wa Mashetani kwa Watu wa Bondeni

Kwanza ifahamike kwamba Mtaalamu hakualikwa na mtu yeyote. Wanaoalikwa ni wataalamu wa ngazi ya chini. Yeye alijitokeza mwenyewe mtaani Bondeni alasiri ya Jumamosi, akachukua kreti mbili za soda za mama muuza mandazi bila kumwambia, akapanda juu yake, akatangaza kwamba mji wa Nakuru sasa umefikia umri wa kupewa elimu kamili kuhusu riwaya ya mashetani. Si riwaya yoyote ya mashetani. Alimaanisha ile ya mjini, ya kuchekesha, ambayo shujaa wake hataki ushujaa na mashetani wake hawataki kuhama. Kwa kuwa Mtaalamu humtaja Mtaalamu kana kwamba ni mtu mwingine, jinsi wafanyavyo wafalme na mabondia, maelezo haya yamefuata mtindo wake.

Sifa zake alizieleza kwa ufupi, na ufupi huo ulimaliza birika zima la chai. Jina lake kila mtu analijua, kwa hiyo hakulitaja. Makao yake ni chumba na sebule upande wa juu wa mji, sebule ikiwa ndiyo maktaba. Ana mke mmoja, na wa pili yuko katika mipango ya muda mrefu. Gari analo, ila liko gereji tangu kampeni za uchaguzi uliopita, likingoja kipuri kutoka Japani. Kazi yake ameifanya miaka mingi bila kusimamiwa na chuo chochote, maana vyuo vyote alivyovijaribu vilianza kumchelewesha. Na ana uhusiano mwema na wafadhili wa ng'ambo, ijapokuwa hawajajibu barua. Yote haya, alieleza, hayakuwa majivuno. Yalikuwa utangulizi.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya jiografia. Kwa nini riwaya ya namna hii iwe ya Nakuru na isiwe ya London? Mtaalamu alijibu kwamba hata London tunayo, mtaa wetu wenyewe, upande wa kuelekea Menengai, na kwa hivyo swali hilo limefungwa. Kisha akageukia ushahidi. Lango la Jehanamu, wasikilizaji walikumbushwa, limo katika kaunti hii na lina usajili wa serikali. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1984. Ina kilomita 68 za mraba, na anayetaka kuingia hulipa kiingilio kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Vitabu vitakatifu vimetaja moto, minyororo na kusaga meno. Risiti havikuitaja. Mwaka 1883 mpelelezi Mjerumani, Gustav Fischer, alifika pande hizo, Wamaasai wakamrudisha alikotoka, na leo mwamba mrefu uliosimama peke yake pale mbugani unaitwa kwa jina lake.

"Ameshindwa mlangoni," alisema Mtaalamu kwa wivu usiojificha, "na bado akapewa mnara!"

Hata Hollywood imefika. Filamu ya pili ya Lara Croft, iliyotoka mwaka 2003, ilipigwa kwa sehemu hapo hapo Hell's Gate. Mtaalamu hamkubali dada huyo. Anaipenda kazi yake kupita kiasi. Anaruka kutoka juu ya miamba kabla hajaambiwa.

Menengai ilipewa muda mrefu zaidi, na ilistahili. Ukisimama Bondeni ukainua macho kaskazini, mlima huo umekukalia kichwani, na juu yake kuna shimo la volkano lenye upana wa kilomita kama 12 kwa 8. Wakikuyu huuita Kĩrĩma kĩa Ngoma, kilima cha pepo. Wazee husimulia vita vya koo za Wamaasai katika karne ya 19, walioshindwa wakatupwa shimoni, na kwamba mvuke unaofuka miambani ni roho zao zikitafuta pa kutokea. Wengine husimulia kuhusu shamba la shetani huko chini, limelimwa vizuri, lina mimea ya kijani kibichi, na mkulima wake hajawahi kuonekana. Watu wameripotiwa kuingia humo, wakapotea, wakarudi baada ya siku kadhaa bila kujua walikokuwa (maelezo ambayo, Mtaalamu alikiri, hutolewa pia na waume kadhaa wa mjini ambao hawajawahi kufika Menengai). Na katika mapango ya mlima huo huo waumini hukesha wakifunga na kusali, kwa hivyo pande zote mbili zina ofisi pale.

Kilichofuata ni ugunduzi ambao Mtaalamu anaudai kuwa wake peke yake. Mwaka 2011 kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima vya mvuke ndani ya shimo hilo, vingine vikishuka zaidi ya kilomita mbili ardhini. Mwaka 2023 kituo cha kwanza cha umeme, cha megawati 35, kikaanza kazi. Ule mvuke ambao babu zetu waliuhesabu kuwa pumzi za wafu sasa unazungusha mitambo na kuuzwa kwa tokeni. Shetani aliyekuwa na shamba lake kwa amani amepitishiwa barabara, mabomba na wahandisi wenye kofia ngumu. Fidia hakupata, kwa kuwa hati ya shamba hana. Na mtu aliyenyang'anywa shamba huenda wapi nchi hii? Huja mjini. Ndiyo sababu, alihitimisha Mtaalamu, riwaya ya mashetani ya zama zetu lazima iwe ya mjini. Na kwa kuwa Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, wahamiaji hao wana haki ya huduma zote za jiji.

"Hata sisi tunazingoja," alisema mama muuza mandazi.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vijiweni. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi, ambaye nyumba yake ya Kabarak haiko mbali na hapa, aliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nyeri, Nicodemus Kirima. Ripoti ilikabidhiwa mwaka 1995 na ikawekwa wazi mwaka 1999. Mtaalamu anaiheshimu tume hiyo: kila anapoitaja, huvua hata kofia. Kwingine duniani shetani hutungiwa tenzi na kuchorwa kwenye dari za makanisa. Kenya alifunguliwa faili. Na faili hilo likalala kabatini miaka kadhaa, ishara kwamba mwenyewe alihudumiwa kama mwananchi mwingine yeyote.

Zanzibar walikwenda mbele zaidi. Mwaka 1995 kilizuka Pemba kizaazaa cha Popobawa, kikavuka hadi Unguja, watu wazima wakalala nje kwa makundi, wamekumbatia mikeka yao, kwa kuwa pepo huyo alisemwa huwavamia walio vitandani. Tena alisemwa kuwatisha aliowavamia: wasipowasimulia wenzao, atarudi. Mtaalamu anamtaja kuwa shetani wa kwanza Afrika Mashariki kuwa na idara ya mawasiliano.

Basi, shujaa.

Hapa Mtaalamu alishuka kretini, akanywa maji, akapanda tena. Shujaa wa kujitolea, alisema, hafai. Tazameni nguzo za stima mjini humu: kila nguzo ina karatasi ya mganga aliyetoka mbali, aliye tayari kupigana na jini lolote, kurudisha mpenzi, kufuta kesi na kukuza biashara, na nambari ya simu iko chini. Hao ndio waliojitolea. Mtu anayeamka asubuhi akitamani kupambana na mashetani, mchunguzeni mfuko. Wa kuaminika ni yule aliyekuwa ameketi zake, ana deni la kodi ya nyumba na suruali moja iliyoko kwa dobi, akaburutwa vitani huku akipiga kelele kwamba jina lililoitwa ni la jirani. Kanuni hiyo, Mtaalamu alitamba, ameivumbua yeye.

Mzee mmoja mwenye kanzu na kofia ya vito, aliyekuwa akisubiri adhana ya alasiri kwa utulivu, alikohoa kidogo. "Mwanangu," alisema, "Nabii Yunus je? Alitumwa, akapanda jahazi kukimbilia upande mwingine, akamezwa na samaki. Kisa hicho kina siku nyingi."

Mtaalamu alimshukuru mzee kwa kuunga mkono uvumbuzi wake.

Ndipo akatoa kitabu kwenye kiondo, kimechanika pembe, akakiinua kama refa anavyoinua kadi nyekundu. Kilikuwa *Shetani Msalabani* cha Ngũgĩ wa Thiong'o, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1982 ya riwaya ya Kikuyu *Caitaani Mũtharaba-inĩ* ya mwaka 1980. Mwandishi huyo, aliyefariki Mei 2025, aliiandika gerezani Kamiti, alikozuiliwa bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa mwaka 1977 hadi Desemba 1978. Aliiandika juu ya karatasi za chooni. Mtaalamu alitoa sauti ya kitaaluma hapa: karatasi za gerezani zilikuwa ngumu na za kukwaruza, mateso kwa kazi iliyokusudiwa lakini nzuri sana kwa kalamu. Kitabu kilipotoka kwa Kikuyu, nakala 5,000 za kwanza ziliisha mwezi mmoja, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimechapishwa 15,000. Jioni familia zilikaa kusomewa na mtoto aliyejua kusoma. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Na kwenye baa wakatokea wasomaji wa kazi maalumu: msomaji akifika mahali patamu, akiona bilauri ni tupu, huweka kitabu chini, na wateja humnunulia bia ili hadithi iendelee. Mtaalamu alinyamaza kidogo baada ya sentensi hiyo, akitazama bilauri yake. Hakuna aliyeelewa.

Na jambo ambalo wachambuzi wa vyuo vikuu hulipita mbio, wakikimbilia falsafa, ni hili: shujaa wa riwaya hiyo ni msichana wa Nakuru.

Jacinta Wariinga hakuzaliwa hapa, lakini wazazi wake walipokamatwa wakati wa Hali ya Hatari, aliletwa kwa shangazi yake Nakuru, akakulia hapa, akasoma Baharini kisha Nakuru Day Secondary. Alikuwa mkali wa hesabu na alitaka kuwa mhandisi. Jumapili alikwenda kanisa la Holy Rosary, akazitazama picha za ukutani, na usiku akaota ndoto iliyomfuata maisha yake yote: watu waliovaa matambara wanamsulubisha Shetani, na siku ya tatu wanakuja mabwana wenye suti na tai kumshusha msalabani na kumpigia magoti. Ndoto hiyo, mabibi na mabwana, imeotwa katika mji huu. Haikuotwa Paris. Mtaalamu alishangaa kwa sauti kubwa kwamba hakuna hata kibao barabarani.

Kisha anatokea Mzee Tajiri wa Ngorika, na gari lake, na zawadi zake. Wariinga anapata mimba angali shuleni, mzee anageuka mtu asiyemjua, na binti anakwenda kujilaza mbele ya treni papa hapa Nakuru. Anaokolewa. Mtaalamu hakutia utani wowote katika sehemu hii, na hadhira haikutafuta. Mama muuza mandazi aliuliza tu kama mtoto aliishi. Aliishi, ni msichana, jina lake Wambui.

Miaka baadaye yuko Nairobi, karani, na kwa siku chache dunia inamnyang'anya kila kitu: kazi, kwa kumkatalia bosi, mpenzi, na chumba, kwa sababu mwenye nyumba alipandisha kodi, akawatuma wahuni wanaojiita Malaika wa Shetani waje kuvitoa vyombo vyake nje. Angalieni, alisema Mtaalamu, hapo bado hajaamua kupigana na mtu. Anachotaka ni matatu ya kurudi kwao Ilmorog. Mtu asiyemfahamu anampa kadi ya mwaliko wa Karamu ya Shetani, na gari la pekee linalokwenda huko ni lile la Mwaura, Matata Matamu, Model T Ford nambari MMM 333, gari linaloonekana kana kwamba ndilo la kwanza kabisa kutengenezwa duniani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegemea pikipiki yake alisema gari hilo bado lipo, hufanya njia ya Njoro.

Mapambano yenyewe yako pangoni, kwenye Karamu hiyo. Mashetani waliokusanyika humo hawana pembe. Ni wafanyabiashara, wamekuja kushindana nani bingwa wa wizi na unyang'anyi wa kisasa, mabingwa saba wachaguliwe, na wageni wa kimataifa wamekaa mbele kama waamuzi. Kila mmoja anapanda jukwaani na kutoa hotuba. Gitutu wa Gataanguru anapendekeza udongo uuzwe kwa vyungu na hewa ifungwe kwenye mikebe, ili maskini akitaka kuvuta pumzi anunue. Kihaahu wa Gatheeca anaeleza alivyofungua shule ya chekechea ya kifahari, akanunua sanamu za watoto wa Kizungu za madukani akazipanga ndani ili wazazi waone kwamba shule ina hadhi. Nditika wa Nguunji anasikitika kwamba tajiri ana moyo mmoja sawa na kibarua wake, na anataka kiwanda cha viungo vya ziada, ili mwenye fedha awe na midomo miwili na mioyo miwili. Na yuko mwizi mmoja wa kuku, Ndaaya wa Kahuria, aliyekuja kwa nia njema kabisa na suti iliyochakaa. Walipomsikia anaiba kuku tu, tena kwa sababu ya njaa, walimzomea wakamtoa nje. Bondeni walicheka hadi mandazi yakaungua. Mtaalamu alingoja kicheko kiishe, kisha kwa sauti ya mwalimu mkuu akasoma masharti ya mashindano: kila mshindani ataje jina lake na makao yake, idadi ya wake na wapenzi, magari anayoendesha, aeleze kwa ufupi maisha yake katika fani ya wizi, atoe mpango wa kuikuza fani hiyo, na aonyeshe namna ya kuimarisha uhusiano na wageni.

Kimya kilipita.

"Mwalimu," aliuliza fundi wa viatu bila kuinua macho kwenye soli aliyokuwa akiishona, "si hayo ndiyo uliyoanza nayo?"

"Jina hakutaja," alimtetea mtu.

"Na mpango wa kukuza fani hajatupa," aliongeza kijana wa bodaboda.

Mtaalamu alisema maswali ni mwisho wa hotuba. Akaharakisha. Wangari, mmoja wa abiria wa matatu ile, anakwenda kuwaita polisi waje wawakamate wezi pangoni. Polisi wanakuja kweli, wanamtia pingu Wangari. Wanafunzi na wafanyakazi wanaandamana. Wariinga, kwa uchovu, anasinzia kwenye uwanja wa gofu, na sauti ya Shetani mwenyewe inaongea naye pale nyasini, kwa adabu kubwa, ikimshawishi. Baada ya miaka miwili tunamkuta Nairobi amevaa ovaroli, fundi mitambo gerejini, anajua karate, na vijana waliomdharau siku ya kwanza wanamletea injini zilizowashinda. Na siku anapopelekwa kwa wazazi wa mchumba wake, Gatuiria, anamkuta baba mkwe mtarajiwa ni yule yule mzee wa Ngorika, na boma lake ameliita Bustani za Mbinguni. Bastola imo mkobani. Mtaalamu hana desturi ya kuficha mwisho wa vitabu: alimpiga risasi.

Wapo wanaosema huo si uzito wa riwaya ya kuchekesha. Mtaalamu huwajibu kwa kuwauliza kama wamesoma ile sehemu ya mikebe ya hewa. Ngũgĩ alijua kwamba shetani mwenye mkia humtisha mtoto tu, na kwamba anayepaswa kuogopwa na mtu mzima ni yule anayepanda jukwaani, akarekebisha mapindo ya koti, na kueleza kwa takwimu kwa nini wizi wake ni kwa faida yako. Huyo hawezi kupungwa. Ila anaweza kuchekwa, na katika kitabu hicho kicheko ndicho kinachomvua nguo kabla ya maandamano kufika.

Miaka ishirini na kitu baadaye mwandishi huyo huyo alirudi sokoni na shujaa mvivu zaidi. *Mũrogi wa Kagogo* ilianza kutoka kwa Kikuyu mwaka 2004, na tafsiri yake ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe ikatoka mwaka 2006. Kamĩtĩ ana shahada kutoka India na hana kazi; tunamkuta kwanza kwenye jaa la taka, wazoa taka wakidhani ni maiti. Usiku mmoja polisi wanamfukuza yeye na mwenzake, Nyawĩra. Wanapojificha nyumbani kwa Nyawĩra, Kamĩtĩ anatundika mlangoni uchafu wa kiganga na tangazo kwamba humo anakaa mchawi mkubwa, apate japo usiku mmoja wa kulala. Kesho yake askari anarudi. Hakuja kumkamata: amekuja kama mteja, anataka dawa ya kupandishwa cheo. Anapandishwa. Foleni inaanza. Mawaziri wa nchi yao, Machokali na Sikiokuu, walikwenda Ulaya kuongezewa ukubwa, mmoja macho na mwingine masikio, wamwonee na kumsikilizia Mtawala vizuri zaidi. Na Mtawala mwenyewe anashikwa na ugonjwa wa kuvimba hadi anakaribia kupaa. Katikati ya hayo yote, Kamĩtĩ hakuutafuta uchawi. Wateja hawajali. Mtaalamu alisema hali yake na ya Kamĩtĩ zinafanana, kwa kinyume.

Maktaba ya Kiswahili chenyewe aliipitia kwa mwendo wa kasi, maana jua lilikuwa linashuka. Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze* ya mwaka 1952, anamweka mtu mpole mikononi mwa jini anayemlazimisha kuwachapa viboko kila usiku manyani wawili, ambao ni ndugu zake wa damu. Huchapa, kisha hulia nao. Katama Mkangi, katika *Walenisi* ya mwaka 1995, anamrusha Dzombo angani ndani ya chombo cha adhabu, hukumu ya kifo, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda kusafiri. Said Ahmed Mohamed, katika *Babu Alipofufuka* ya mwaka 2001, anamletea mkubwa mmoja aitwaye K mzimu wa babu yake, na ukoo hauna kitufe cha kukata simu. Waingereza nao wamejitahidi: mwaka 1990 Terry Pratchett na Neil Gaiman walitoa *Good Omens*, ambamo shetani anayeendesha Bentley anajisifu kwa kuichora barabara ya M25 ya kuzunguka London kwa umbo la alama ya kishetani, ili foleni zake zizalishe uovu. Mtaalamu hakuvutiwa. Shetani huyo aletwe kwenye foleni ya Gilgil jioni ya tarehe 24 Desemba, aone kazi za watu.

Sasa ule mpango. Mtaalamu alitangaza kwamba riwaya yake mwenyewe iko tayari, imebaki kuandikwa. Itaanza Bondeni, shetani aliyehamishwa Menengai atapanga chumba hapa hapa, na anahitajika mtu halisi wa kuigwa kama shujaa. Nani yuko tayari? Fundi wa viatu alisema ana viatu vya harusi vya kumalizia. Mzee wa kanzu alikuwa amekwisha kwenda msikitini. Mama muuza mandazi alisema shetani akipanga jirani yake atalipa taka na maji kama wapangaji wote, na zaidi ya hapo hana ugomvi naye. Mtaalamu alipiga makofi kwa furaha: wote wamekataa, kwa hivyo wote wamefuzu! Kilichobaki ni mchango mdogo wa uchapishaji, shilingi hamsini kwa kila kichwa.

"Huo ndio mpango wa kukuza fani," alisema fundi wa viatu, na mara hii aliinua macho.

Watu walianza kukumbuka shughuli zao. Kijana wa bodaboda peke yake ndiye aliyebaki, akapangusa kiti cha pikipiki kwa kitambaa. Alisema yeye yuko tayari kumpeleka Mtaalamu Menengai sasa hivi, hadi ukingoni, akashuke mwenyewe akalitafute lile shamba alete ushahidi. Ila nauli ya kwenda na ya kurudi ilipwe kabla hawajaondoka, kwa kuwa wateja wa njia hiyo hawana uhakika. Mtaalamu aliona nauli ya kurudi ni ghali mno. Akabishana nayo shilingi kwa shilingi hadi taa za barabarani zikawaka, kisha akaeleza kwamba utafiti wa aina hiyo, kitaalamu, haufanywi usiku.